Kura za Wanyonge na Kazi ya Karani

Ndugu Wanachama,

Twajua kwamba wengine wenu mtakapokiona kichwa cha maneno haya mtasema, "Mhariri leo amevuka ziwa. Sisi twangoja habari za nauli ya likizo na za kupandishwa vyeo, naye atuletea habari za Baraza la Mataifa lililoko New York." Twawaomba mvumilie kidogo. Mambo ya mabaraza makubwa yameugusa mji wetu tangu zamani, tena yameugusa mahali panapouma. Na kabla ya kuweka kalamu chini tutarudi kwenye nauli ya likizo, maana habari hizo mbili ni habari moja.

Na tuanze hapa nyumbani. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma na Ujiji, nao wakatawala hapa hata mwaka 1921. Mwaka 1919 mabwana wawili, Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji, walikaa huko Ulaya wakapatana juu ya nchi hizi. Ruanda na Urundi zikawa fungu la Wabelgiji. Kigoma na Ujiji zikawa fungu la Waingereza. Mwaka 1921 ukafanywa mkataba mwingine, Wabelgiji wakapewa sehemu zao katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Urundi ipate njia ya kwenda baharini. Waha na Warundi, ambao lugha zao ni kama mtu na nduguye, wakawa watu wa serikali mbili. Katika meza ile hakikuwapo kiti cha mwami wa Buha, wala cha mzee wa Ujiji, wala cha mvuvi, wala cha mchukuzi. Nchi ilikatwa kama kitambaa mbele ya fundi, na kitambaa hakiulizwi kikatwe wapi.

Hiyo ndiyo maana ya kukosa kiti. Leo nchi zote nne zinazolizunguka ziwa letu, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zina viti katika Umoja wa Mataifa wenye nchi 193, na kila nchi ina kura moja, iwe kubwa kama Bara Hindi au ndogo kama kisiwa. Nchi za Afrika ni 54. Nchi zinazoendelea zilizo katika Kundi la 77, lililoanzishwa Geneva tarehe 15 Juni 1964, sasa zapita 130. Mtu akihesabu kwa vidole atasema, "Basi wanyonge ndio wengi, na watawale." Lakini haikuwa hivyo, wala si hivyo. Neno letu la leo ni hili: kura za wanyonge zina nguvu ya kweli, ila nguvu hiyo haimo katika kuhesabiwa. Imo katika kazi inayofanywa kabla ya kuhesabiwa na baada yake. Na kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya karani.

Tutazame jambo lililo mashuhuri kuliko yote, la tarehe 25 Oktoba 1971. Tangu mwaka 1949 serikali ya Peking, iliyotawala watu wengi kuliko serikali nyingine yoyote wakati ule, haikuwa na mjumbe katika Umoja wa Mataifa. Kiti cha China kilikaliwa na serikali iliyokimbilia Taiwan. Marekani na rafiki zake walikuwa na kinga ya kanuni. Mwaka 1961 walipitisha kwamba shauri la kiti hicho ni jambo kubwa, nalo lataka theluthi mbili za kura. Hapana karani asiyeijua hila hii. Bwana asiyetaka jambo lako lipite hashindani nawe, hukuongezea fomu. Mwaka 1970 azimio la kuirudisha Peking lilipata kura 51 kwa 49, na juu ya kushinda kwa hesabu likaanguka kwa kanuni.

Mwaka uliofuata wanyonge walikwisha kujifunza. Hawakungoja azimio, walikwenda kuikabili kanuni kwanza. Hoja ya kutaka theluthi mbili ilipoletwa tena, ilikubaliwa na nchi 55 na kukataliwa na 59, nchi 15 zisipige kura. Tofauti ilikuwa kura nne tu. Kanuni ilipoanguka, azimio lililoletwa na nchi 23, Tanzania ikiwa mojawapo, likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia. Katika kura zile 76, kura 26 zilikuwa za Afrika. Mjumbe wetu kule alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, umri wa makarani wengi wanaosoma karatasi hii, naye alikuwa miongoni mwa wale waliocheza kwa furaha ukumbini.

Ngoma ile imesimuliwa sana. Kazi iliyoitangulia haisimuliwi. Tuisome hesabu ile kwa jicho la masijala. Kati ya nchi nne za ziwa letu, Tanzania, Zambia na Burundi zilikubali. Kongo, ambayo siku mbili baadaye ilibadili jina ikawa Zaire, ilikataa. Basi Afrika haikuwa na sauti moja hata siku ya ushindi wake mkubwa. Kilichoshinda hakikuwa udugu wa rangi wala wa mipaka. Ilishinda kazi ya miaka mingi ya kwenda mlango kwa mlango, kujua nani amesema nini mwaka jana, nani asita kwa sababu gani, na ni kanuni ipi iondolewe kwanza. Wako wasemao kwamba Tanzania ililipwa kura yake kwa reli ya Tazara. Ni kweli kwamba mapatano ya reli ile, yenye urefu wa kilometa 1,860, yalitiwa sahihi mwaka 1967, na China ikatoa mkopo usio na riba. Lakini Tanganyika iliitambua serikali ya Peking tangu kupata uhuru mwaka 1961. Msimamo ulitangulia, reli ikafuata. Kura iliyouzwa huuzwa mara moja tu. Kura yenye msimamo huheshimiwa hata na yule anayeipinga.

Sasa tusiwe kama jogoo anayewika akadhani ndiye aliyeleta alfajiri. Miaka kumi baadaye Salim huyohuyo, baada ya kuwa Rais wa Baraza Kuu mwaka 1979, aligombea cheo cha Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akiungwa mkono na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Hapo alikutana na mlango mwingine. Katika Baraza la Usalama nchi tano zina kura ya turufu, na moja ikisema hapana, imekwisha. Mwaka 1981 Marekani ilimzuia Salim kila mara; China nayo ikamzuia Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. Mwisho wote wawili wakakaa kando, akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Twajifunza mambo mawili. La kwanza, wingi wa kura una mlango usioweza kuupita, na mpaka leo Afrika haina kiti cha kudumu katika baraza lile, ijapokuwa mwaka 2005, katika Makubaliano ya Ezulwini, nchi zetu zilidai viti viwili vyenye haki zote. La pili, hata katika kushindwa, jambo halikuwa bure, maana aliyepata cheo alitoka katika nchi ya Kundi la 77.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa undani ni Mwalimu Julius Nyerere. Mwezi wa Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77 walikutana Arusha, naye akawahutubia. Aliulinganisha umoja wao na chama cha wafanyakazi, chama cha maskini wa dunia. Sisi watu wa vyama twaelewa upesi maana ya mfano huo. Wanachama wa chama cha wafanyakazi hawapendani wote, wala hawafanani. Yuko mwenye mshahara mnono na yuko tarishi. Yuko mcha Mungu na yuko mlevi. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wako upande mmoja wa meza, na kila mmoja akienda peke yake kwa bwana atarudi mikono mitupu. Haya yalijulikana hapa nchini tangu mwaka 1922, pale watumishi wa serikali wa Kiafrika, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walipounda chama chao huko Tanga. Hawakuwa na bunduki wala fedha. Walikuwa na kalamu, na walijua kanuni za kazi.

Mwalimu hakuishia kwenye maneno. Aliona kwamba nchi tajiri zina taasisi kubwa huko Paris yenye wataalamu wa kuzitayarishia karatasi, na nchi maskini hazina. Wajumbe wa nchi tajiri huingia mkutanoni na majalada yaliyokamilika. Mjumbe wetu mara nyingi huingia peke yake, na siku hiyohiyo kuna mikutano mitatu. Kwa hiyo Mwalimu aliongoza Tume ya Kusini toka mwaka 1987 hata 1990, na kutokana na kazi hiyo kikaundwa Kituo cha Kusini huko Geneva mwaka 1995, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Ni kama kusema: maskini wamekwisha kuwa na kura, sasa wapewe masijala.

Ushahidi kwamba masijala yazaa matunda tumeuona juzijuzi. Kwa miaka mingi kanuni za kodi kati ya nchi na nchi zilitungwa zaidi katika taasisi ileile ya Paris. Kampuni huchimba au huuza katika nchi yako, na faida huandikwa katika nchi nyingine ambako kodi ni kidogo. Tarehe 22 Novemba 2023, katika kamati ya Baraza Kuu, Nigeria kwa niaba ya Kundi la Afrika ilileta azimio la kuanza kazi ya kutunga mkataba wa kodi chini ya Umoja wa Mataifa. Nchi 125 zilikubali, 48 zilikataa, nyingi zikiwa nchi tajiri, na 9 zikajizuia. Msidhani jambo hili liko mbali nanyi. Kodi isiyolipwa ndiyo dawa isiyofika zahanati, ndiyo dawati lisilofika shuleni, tena ndiyo malimbikizo ya mishahara yetu. Lakini angalieni: kura ilifungua mlango tu. Baada yake yamekuja mazungumzo yaliyopangwa kuendelea hata mwaka 2027, na mwanzoni mwa 2025 Marekani ilitoka katika mazungumzo hayo. Sasa wanatakiwa watu wa kukaa miaka mitatu juu ya karatasi moja, kifungu kwa kifungu, bila kuchoka. Hapo ndipo kambi nyingi za wanyonge huvunjika. Siku ya kura ukumbi hujaa. Siku ya vifungu viti huwa vitupu.

Kuna jambo jingine ambalo hatuna budi kulisema kwa unyofu. Umoja si kusema neno moja kila siku. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura juu ya azimio la kuitaka Urusi itoe majeshi yake Ukraine. Kura 141 zilikubali, 5 zilikataa, 35 zikajizuia. Kongo na Zambia zilikubali. Tanzania na Burundi zilijizuia. Ziwa letu likagawanyika kati. Wako waliosema ni aibu. Sisi hatusemi hivyo. Kila nchi ina historia yake na hofu yake, na chama kinacholazimisha wanachama waseme neno moja katika kila jambo hakikai. Tena mwaka ule bei za mafuta na mbolea zilipopanda, zilipanda kwa aliyekubali na kwa aliyejizuia. Tunachosema ni kwamba wanyonge wachague kwa akili mambo yaliyo yao wote, na katika hayo wasiachane. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Na jambo lililo letu sote halihitaji kutafutwa New York. Liko hapa majini. Katika eneo la Ziwa Tanganyika, Kongo ina kadiri ya 45 kwa mia, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Tarehe 12 Juni 2003 nchi hizo nne zilitia sahihi Dar es Salaam mkataba wa kulitunza ziwa, na Mamlaka ya Ziwa ikawekwa Bujumbura. Mwaka 2024, kwa mujibu wa mapatano ya nchi za ziwa, uvuvi ulisimamishwa upande wetu toka tarehe 15 Mei hata 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Nani asiyekumbuka? Mwalo wa Kibirizi ulinyamaza. Usiku ulioangazwa na taa za wavuvi kama mji juu ya maji ukawa giza tupu. Akina mama waanikao dagaa walikaa mikono mapajani, na watu waliokopa nyavu waliendelea kudaiwa. Ilikuwa sadaka nzito. Nayo sadaka hiyo yafaa kitu kwa sharti moja, kwamba pande zote nne zipumzike pamoja. Maana dagaa hajui mpaka, na samaki anayeachwa Kigoma aweza kuvuliwa asubuhi yake na mtu wa ng'ambo. Hapo twaona kwamba umoja wa nchi si maneno ya mabwana wakubwa. Ukilegea, mvuvi wetu amefunga njaa bure.

Sasa turudi kwenye ahadi yetu. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, makarani 31 walikuwa hawajalipwa nauli ya likizo. Walikutana chini ya mwembe, wakasema kwa ukali sana, wakakubaliana kwa sauti moja kuandika barua ya pamoja. Barua ilipozungushwa, sahihi zilikuwa 11. Mmoja alisema mkewe anaumwa. Mwingine alisema angoja kwanza aone wengine. Wa tatu alikwenda kwa siri kumwambia mkubwa kwamba yeye hayumo. Jibu lilirudi kwa mstari mmoja: hayo ni malalamiko ya watu wachache. Mwandishi wa maneno haya alikuwa mmoja wa wale ishirini wasiotia sahihi, na hataki kujificha.

Mwaka uliofuata karani mmoja wa masijala, mtu mpole asiyejua kupaza sauti, alikusanya waraka unaohusika, tarehe za likizo za kila mtu, na barua zilizopata kuandikwa na majibu yake, akavitia katika jalada moja kwa mpangilio. Kisha alikwenda kwa kila mmoja mezani pake, akamwonyesha ukurasa wake. Hakuhutubia. Safari hii sahihi zilikuwa 31, maana mtu akiona jina lake na haki yake vimeandikwa sawasawa, woga hupungua. Nauli ikalipwa, si yote kwa mara moja, lakini ikalipwa.

Je, si habari ileile ya mwaka 1970 na 1971? Mwaka wa kwanza palikuwa na wingi na kelele. Mwaka wa pili palikuwa na wingi na kazi.

Basi twawaachia wanachama mambo matatu. Kwanza, tusikubali neno mkutanoni tusilokusudia kulitia sahihi. Ni heri kumi wakweli kuliko mia wa chini ya mwembe. Pili, tuchague madai machache yanayomhusu kila mtu, toka tarishi hata karani mkuu, tusiyachanganye na ugomvi wa mtu mmoja na mkubwa wake. Tatu, kumbukumbu za mikutano yetu ziandikwe, zisomwe, zitunzwe. Na ada zilipwe, maana jalada halinunuliwi kwa makofi. Vijana wetu watakaopelekwa siku moja kuikalia meza ya Bujumbura, ya Addis Ababa au ya New York hawatajifunza huko namna ya kushikamana. Watakwenda na desturi waliyoizoea katika mikutano kama hii yetu. Wakizoea kukubali kwa mdomo na kukimbia kwa kalamu, ndivyo watakavyofanya huko, na nchi itakatwa tena kama kitambaa, safari hii sisi wenyewe tukiwa tumeketi mezani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole vitano, kama kila kimoja kinangoja kingine kianze, chawa huenda zake.

Wasalaam,
Mhariri wenu